Jenereta ya Jeshi na Masikio ya Mzee

Jenereta yetu ilitoka jeshini. Ushirika wetu wa maziwa, nje kidogo ya Sotik, uliipata kwenye mnada kabla sijaajiriwa, na nilipoikuta bado ilikuwa na rangi yake ya kijani na namba nyeupe ubavuni. Ni mashine nzito ya zamani. Haikubali kuwaka kwa betri moja; inataka mbili za lori zilizoungwa pamoja. Nati zake ni za vipimo vya inchi, kwa hiyo spana za milimita nilizotoka nazo chuo cha ufundi hazikunisaidia kitu. Nilianza kazi kwa kuazima za mzee.

Mzee ndiye aliyekuwa fundi hapo. Kwao ni upande wa ziwa. Alikuja huku akiwa kijana, akafanya kazi kwenye boila za kiwanda cha chai karibu na Kericho, na alipostaafu ushirika ukamchukua. Aliniita mama, ingawa umri wangu ni wa binti zake, kwa sababu nilikuja kazini nikiwa tayari na watoto. Mimi nilimwita mzee kama wengine wote.

Siku nyingi kazi yetu ilikuwa ya taratibu. Kumwaga maji yaliyotuama chini ya tanki la dizeli, kubadilisha filta, kukaza mkanda wa feni. Kila tulipofungua paipu ya mafuta, hewa iliingia, na hiyo hewa lazima itolewe. Alinifundisha kwa subira: unalegeza skrubu ndogo juu ya filta, unapiga pampu ya mkono, dizeli inatoka na povu, unaendelea mpaka itoke safi bila kiputo, ndipo unakaza. Ukiharakisha, injini itawaka, itanguruma kidogo, kisha itazimika mbele ya watu.

Alikuwa na tabia moja iliyonishangaza. Kabla ya kusema lolote juu ya injini, alichukua bisibisi ndefu, akaegemeza ncha yake kwenye chuma, na mpini akauuma kwa meno. Alikaa hivyo amefumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Nilijaribu siku moja, na kweli, kugonga kwa valvu kulinifikia mpaka ndani ya fuvu. Nikafikiri ni mazoea ya mafundi wa zamani tu.

Halafu ikaja siku moja ya mvua kubwa. Mti uliangukia nyaya upande wa Bomet na umeme ukapotea asubuhi, wakulima wakiwa wameshaleta maziwa, mengine kutoka ng'ambo ya mpaka wa kaunti. Tanki la kupoza lilikuwa limejaa. Mzee akawasha jenereta, nayo ikaitika mara moja. Mimi nilikuwa uani nasuuza mikebe niliposikia mlio mwembamba ukipenya katikati ya ile ngurumo, kama chuma kinachosugua chuma. Ulikuwa unazidi. Nikaingia mbio na kumkuta mzee amesimama karibu kabisa na feni, mikono nyuma, uso umetulia.

"Mzee, zima," nikamwambia. "Beringi ya pampu ya maji inakufa."

Aliangalia midomo yangu, si macho yangu. Kisha akasema, "Ndiyo, leo imeamka vizuri."

Nikavuta kishikio cha kuzima mwenyewe. Feni, ambayo imefungwa kwenye shafti ya pampu hiyo, iliposimama niliishika na kuitikisa, ikacheza huku na huku. Tungeendelea kidogo tu, ingekata rejeta inayopoza maji ya injini. Mzee naye akaishika, akaitikisa, akaiacha.

Nilimweleza meneja kwamba pampu imeharibika, basi. Akapigia simu kituo cha jirani, na lori la maziwa ambalo bahati nzuri lilikuwa bado langoni likabeba yote likaenda kupozesha kule. Hakuna aliyegomba. Sisi tukabaki kufungua pampu, mvua ikipiga mabati.

Tulipokuwa tunalegeza bolti za mwisho nilimuuliza, kwa sauti kubwa nikimtazama, ameacha kusikia tangu lini. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Lilianza la kushoto, nikiwa bado kwa boila," akasema. "Hili lingine limeisha pole pole. Kugonga napata kwa meno. Lakini ule mlio mwembamba, mama, huo umenihama kabisa. Wakijua watanirudisha nyumbani, na mimi sijachoka kazi."

Nilitaka kumwambia hakuna atakayejua. Nikafikiria ile feni na uso wake uliokuwa karibu nayo, nikashindwa. Nilimwambia aende aseme mwenyewe, na kwamba mimi nitaingia naye.

Beringi tuliipata Sotik, kwenye duka la spea za malori, kwa kulinganisha namba iliyochongwa kwenye ukingo wake. Tuliifunga kesho yake, na jenereta ikafanya kazi bila kelele ngeni. Wiki hiyo hiyo mzee alisimama mbele ya kamati ya ushirika na kusema wazi kwamba masikio yake yameharibika. Mwenyekiti, mama mmoja mkulima wa majani chai, alimuuliza kazi itafanyikaje. Mzee akanielekezea kidevu. "Huyu atasikia. Mimi nitashika."

Ndivyo tunavyofanya hadi leo. Injini ikiwaka tunaongea kwa ishara za mikono, na kamati ilituletea vizuia kelele ambavyo mimi huvivaa bila kukumbushwa. Mzee alipimwa Kericho na akapewa kifaa cha masikio. Ndani ya nyumba ya jenereta hukivua na kukitia mfukoni. Kwingine anakivaa, ingawa mwanzoni alilalamika kwamba dunia imejaa vijiko na milango.

Jumatatu ya kwanza baada ya kukipata alifika kazini akicheka peke yake. Nikamuuliza kuna nini. Akasema ni mjukuu wake, yule mdogo wanayeishi naye, ambaye siku zote alimjua kama mtoto mkimya.

"Kumbe anaongea, mama," akasema. "Anaongea kutwa nzima."