Ng'ombe Walifika Kabla ya Pikapu

Nakumbuka Pasaka moja ya miaka ya sabini, mvua ikiwa imekatika siku mbili tatu, nilipokwenda Kishapu kukamilisha mahari nikiwa nimeandika namba saba kwa chokaa kwenye mlango wa pikapu ya tajiri niliyemwendeshea gari. Usicheke bado, mwanangu.

Wewe umerudi juzi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita. Umehama duara hadi duara, kila shimo unaliacha kwa sababu jirani kapata na wewe hujapata. Nikikusemesha unanirushia, "Mzee, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Methali za kuhalalisha pupa mnazijua sana. Umenichosha. Hiyo simu iweke mfukoni unisikilize.

Siku zile Pasaka ilikuwa na mambo mawili: kanisa na mashindano ya magari. Yalianza zamani za mkoloni, magari yakizunguka Kenya, Uganda na huku kwetu. Baadaye dunia ikayaingiza kwenye mashindano yake makubwa ya mwaka, kisha yakabaki Kenya peke yake. Sisi vijana wa Shinyanga mjini tuliyafuata kwa redio ya hotelini, chai ikipoa mezani. Redio ilisema mengi, sisi tukasikia neno moja tu: mwendo. Mimi darasa la tatu sikumaliza, lakini usukani nilikuwa nao, nikajiona nami nastahili kutajwa.

Basi ng'ombe wa mahari wadogo zangu walishawaswaga kutoka kwetu Samuye, taratibu, wakilisha njiani. Sisi tukafuata na pikapu. Baba mkubwa, ambaye ndiye mshenga, alikaa dirishani. Katikati nilimweka rafiki yangu Jilala, anisomee kona kama wale wasaidizi wa madereva wa redioni. Kona zenyewe hazikuwapo. Njia ya Kishapu imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Jilala akasoma hivyo hivyo.

"Nyanda, punguza," baba mkubwa akasema.

"Baba mkubwa, shika chuma."

Tulipokaribia kwa wakwe, boma lao tukiliona kabisa, mchunga mbuzi mmoja alitupungia fimbo. "Zungukeni kule juu kwenye udongo wa kichanga. Hapo mbugani hapajakauka."

Mwanangu, wewe ni wa huku, unaijua mbuga. Juu udongo mweusi umepasuka kama kisigino, chini ni uji. Mgeni angeweza kudanganyika. Mimi niliyezaliwa juu yake nilijua, nikakanyaga mafuta. Nilitaka wakwe wanione nikija na vumbi nyuma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika guu, nilizama hadi milango, ile saba ikaishia nusu.

Na unajua nilizama wapi? Kwenye njia ya kisimani. Mama mkwe akatokea na wanawake wenzake na mitungi kichwani. Kwetu mkwe na mama mkwe hawagongani uso kwa uso namna ile. Alijifunika kanga, akageuka na mtungi mtupu, na wote wakageuka naye. Maji ya kupikia wageni yakakosekana kwa sababu yangu. Baba mkubwa alikuwa amekaa ndani ya pikapu, miguu juu ya kiti.

Vijana wa pale walituvuta kwa maksai, wakiimba wimbo walioutunga papo hapo, na jina langu likiwamo. Tulipofika bomani, ng'ombe wetu walikuwa wamekwisha kufika tangu asubuhi, wamelala wanacheua.

Baba mkwe, mzee Luhende, alilitazama gari.

"Hiyo namba ya nini?"

"Ya mashindano, baba."

"Unashindana na nani?"

Jilala, ambaye hakujua kunyamaza, akasema, "Na wale ng'ombe, mzee." Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

"Redio hata mimi ninayo," akasema. "Nyinyi mnasikia mbio. Mimi nasikia magari mangapi yaliondoka na machache gani yamefika. Tena hilo shindano la Pasaka ni moja tu. Wenzenu wana la kwenye theluji, la milimani, la mchangani, wanaokota pointi mwaka mzima, ndipo anatajwa bingwa. Wewe umekuja kunionyesha siku moja, na siku yenyewe imekushinda. Ng'ombe nitawatunza. Binti sikupi. Uje kuchuma pamba, uje kulima, uje palizi. Uje kwa miguu. Pasaka nyingine tutahesabu."

Nilimwangalia baba mkubwa anitetee. Akasema, "Mzee amesema vizuri."

Nilikwenda, mwanangu. Kila msimu kwa miguu, nikizunguka kwenye kichanga. Jembe lake nililishika hadi wale vijana wa maksai wakasahau wimbo wao. Pasaka iliyofuata Minza, binti mwenyewe, alitoka kwao mbele ya macho yangu, akawa mke wangu. Ni huyo huyo anayekupikia ugali unaoula bure, na akinikasirikia hadi leo ananiita Saba.

Sasa nasema wazi, maana nyinyi msipoambiwa wazi mnasinzia. Chagua duara moja uchimbe hadi ulijue. Jirani akipata leo, ni siku yake moja. Wewe hesabu mwaka. Unapopajua ni pa tope, usipapite kwa kuwa kuna watu wanakutazama. Na anayekupungia fimbo, hata kama anachunga mbuzi tu, simama umsikilize.

Haya, nenda. Mungu akukaushie njia, na pale isipokauka akupe akili ya kushuka utembee. Wazee wako waliolala Samuye wakutangulie. Ufike, mwanangu. Ufike tu.