Mama na Madirisha ya Boti

Mama yangu amezaliwa na kuzeekea milimani Masisi, kati ya ng'ombe na maharagwe, na kwa maoni yake maji yana kazi mbili tu: kunywa na kufua. Mtu anayepanda juu yake anamjaribu Mungu. Kwa hiyo mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza huku kwetu kando ya ziwa, nilijua nina kazi. Mama alitaka kumbeba mjukuu wake, tena upesi, lakini barabara ya kutoka Sake ilikuwa imefungwa. Njia iliyobaki ilikuwa boti, na boti yenyewe ilikuwa yangu.

Siku ya soko alishuka kwa pikipiki mpaka Sake, aikague kwanza. Akaingia, akakaa kwenye benchi, akatazama kulia, akatazama kushoto. Nilihubiri kama katekista: injini nzuri, majaketi ya kuelea, miaka yote hii majini bila ajali. Akakubali.

"Siku ya posho nitakuya," akasema, yaani Jumamosi.

Nilijisifu sana kwa ulimi wangu mtamu. Kisha nikayaangalia madirisha ya plastiki, nikaona aibu. Jua lilikuwa limeyachoma na vitambaa vya vumbi vimeyakwaruza, hata yamekuwa meupe kama maji ya kuloweka muhogo. Mama akubali kuvuka ziwa kwa ajili yangu, halafu nimfungie ndani ya sanduku?

Nikaanza kwa sabuni na maji mengi, maana vumbi likisuguliwa kavu linachora. Petroli niliikataa, ingawa kila mtu bandarini aliniapia kwamba inang'arisha. Inang'arisha kweli, halafu plastiki inapasuka. Nikapitisha msasa laini uliolowa, na madirisha yakawa mabaya kuliko mwanzo. Wenzangu wakanipa pole, kama mtu aliyefiwa. Ndipo nikachukua dawa ya meno na fulana kuukuu, nikasugua kwa kuzungusha mpaka mkono ukafa ganzi. Nilipomaliza nilikaa kwenye benchi nikaona kila kitu: milima, mitumbwi, hata bata mmoja aliyekuwa akinitazama. Nilifurahi kama mtoto.

Jumamosi mama akaja na kitenge kipya na kikapu cha jibini. Nikamketisha karibu nami, dirishani, mahali pa heshima. Sasa, ndani ya boti yangu abiria hukaa chini, na mawimbi hupita usawa wa mabega yao. Mimi nilishazoea. Tulipofika katikati mama akageuza shingo.

"Mutoto wangu, ile maji iko juu yetu ao chini yetu?"

"Iko kando yetu, mama," nikajibu kwa majivuno. "Hauone vile inaonekana muzuri?"

"Miye nilikubali sababu madirisha ilikuwa haionyeshe kitu. Nilisema nitafunga macho, nitaomba, nitafika." Akanigeukia. "Na weye, hapa unapitaka kila siku?"

"Kila siku, mama."

Alishika benchi kwa mikono miwili mpaka tulipofika. Akashuka, akamchukua mtoto, akamwogesha, akalia. Nami nikalia, nikisingizia moshi wa jikoni.

Alikuja kukaa wiki mbili. Wiki mbili zikaisha, na kwenye boti hakutaka kurudi kamwe. Miezi ikapita. Jikoni kukawa na marais wawili, na mke wangu, ambaye ni mpole, akaanza kuweka sufuria chini kwa kishindo. Siku barabara ilipofunguliwa ni yeye aliyeleta habari, mbio, na kikapu cha mama alikuwa ameshakiosha.

"Mama mukwe, pikipiki iko inapita sasa! Hautaona maji tena."

"Aksanti, binti yangu," mama akajibu, akininyoshea mimi kidole. "Kama barabara iko, huyu naye apite kule. Siku ataacha maji, siku ile miye nitarudia kwetu."

Nilichukia, maana boti ndiyo inayotulisha. Nilifurahi pia, maana kumbe alikuwa akikaa kwa ajili yangu.

Basi yupo. Kila asubuhi hunisindikiza ufukweni. Husimama kando ya boti, huinua mikono, humwomba Mungu kwa sauti kubwa asiniache nife katika maji yale, akiyaeleza mawimbi aliyoyaona moja moja, mbele ya abiria waliokwisha kukaa. Juzi wawili walishuka.