Ndege wa Betri Chini ya Kanga

Redio yangu ikigoma, huifunika kanga kwanza. Wajukuu hunicheka.

Miaka ile ya wakimbizi, fundi redio mmoja kutoka Burundi alituomba kibaraza chetu hapa Buzebazeba, apate pa kufanyia kazi. Mzee wangu, babu yao hawa wajukuu, akampa boksi la vipande vya ndege wa kuchezea, wa betri. "Akiimba, kibaraza chako."

Fundi akaunga nyaya, betri akazianika juani kando ya dagaa wangu. Kimya. Akafungua, akaunga upya. Kimya.

"Fundi, ndege wako bubu!" mzee akamtania.

Nikawaletea ugali, ndege nikamfunika kanga asiingiwe na vumbi. Mara, chwi! chwi! Kumbe aliundwa aimbe gizani.

Mzee akainuka, akakiondoa kiti chake kibarazani. "Karibu, fundi."

Redio haina habari na giza, najua. Mkono ndio umezoea.