Kihindi cha Baba

Mwaka juzi nilirudi nyumbani Uru nikiwa na begi moja, king'amuzi, na dishi la kufunga juu ya bati. Nilikuwa nimetoka Tarakea, kabla ya hapo nilikuwa Holili, na kabla ya Holili nilikaa kwingine ambako mama alikwisha choka kuuliza. Kwa mila zetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Kitinda mimba ni mimi, na nyumba wamebaki nayo wazazi wenyewe. Kila nikirudi mama hunipokea kwa maneno yale yale:

"Karibu mgeni. Choo kiko pale pale."

Nilikusudia kukaa wiki moja. Nilikaa mwezi mzima na siku kadhaa, na aliyenizuia ni televisheni.

Kituo kimoja kilitangaza kwamba kwa mwezi mzima, kila siku saa tisa alasiri, kitaonyesha filamu za zamani, zile ambazo watu wa umri wa wazazi wangu walizishukia mjini Moshi enzi za majumba ya sinema. Tena zote zimetafsiriwa, waigizaji wanasikika wakisema Kiswahili. Baba aliposikia neno "zamani" alipiga makofi. Aliposikia "Kiswahili" aliweka kikombe chini. Mimi niliona kikombe, sikuona jambo.

Ulikuwa mwezi wa baridi, ukungu hauondoki mlimani hata alasiri, hivyo saa tisa ilikuwa saa nzuri ya kukaa ndani. Mama alikuwa amekwisha kata majani ya ng'ombe na kuyabeba kutoka bondeni. Ng'ombe wetu ni wa zizini, hawatoki, hula walicholetewa na hulalamika kikichelewa. Mama alikaa kwenye kigoda na beseni la ndizi, akimenya za mtori huku akitazama. Aliwatazama waigizaji kama anavyowatazama wakwe.

Siku ya filamu ya wapanda farasi alisema, "Huyo farasi hajanyweshwa maji tangu juzi. Wanapigania dhahabu, mnyama anakufa."

Siku ya filamu ya jumba kubwa la Ulaya alisema, "Vyumba vyote vile na hakuna hata mmoja anayepika."

Baba, kwenye kiti chake kirefu, akamjibu, "Wana watumishi."

"Hao watumishi wanakula nini? Sijaona moshi."

Basi tukaendelea hivyo wiki mbili na nusu. Sijawahi kukaa mahali nikacheka kwa raha namna ile bila kufikiria stendi.

Alasiri moja, filamu ya siku hiyo ilipokwisha, wakaonyesha vipande vya filamu za wiki ya mwisho. Ghafla mwanamume mwembamba akaonekana amesimama kwenye daraja la kamba, ameshika mwavuli mweusi, na mbele yake msichana mwenye mtungi wa shaba. Ndizi ikamponyoka mama mkononi.

"Ni yeye," alisema.

"Nani?"

"Bwana mwenye mwavuli. Mzee, umeona? Ni ile yetu! Wataionyesha Alhamisi!"

Baba alikuwa amefumba macho. Mtu aliyelala kweli hakazi shingo namna ile.

Kila mtoto wa nyumba yetu anaijua hadithi ya ile filamu kuliko sala ya jioni. Baba alikuwa kijana wa ghala la kahawa mjini. Mama alikuwa msichana aliyeshuka na kaka yake kuuza ndizi. Jumapili moja baba aliomba ruhusa kwa huyo kaka, akampeleka mama sinema mchana. Filamu ilikuwa ya Kihindi, na maandishi ya Kiingereza yalipita chini upesi upesi kama siafu. Mama hakujua lugha hata moja kati ya hizo. Baba akamwambia asiwe na wasiwasi, kwani bosi wa ghala ni Mhindi na yeye Kihindi ameshakichota. Akamtafsiria sikioni filamu nzima, mwanzo hadi mwisho.

Pale darajani, kwa tafsiri ya baba, yule bwana alimwambia msichana: "Nikikuoa hutabeba majani kichwani. Nitayafuata mwenyewe, bondeni na mlimani, mpaka ng'ombe wasahau sura yako."

Mama akamnong'oneza, "Kumbe Wahindi nao hubeba majani?"

"Wanabeba sana," baba akasema.

Msichana wa kwenye filamu alilia. Baba akaeleza kwamba ni furaha. Mwishoni yule bwana akapanda treni peke yake, treni ikaondoka, taa za ukumbi zikawashwa. Mama akauliza mbona anaondoka. Baba akamwambia anakwenda kuchukua mahari, ila haiwezi kuonyeshwa yote, ukumbi una saa ya kufungwa.

Wakapanda kwa miguu kurudi Uru, kaka mtu akiwa nyuma yao hatua ishirini. Walipofika Rau, wakiwa bado njiani, mama alikuwa amekwisha amua.

Hadithi hii mama ameisimulia kwenye kila sherehe ya bibi harusi niliyowahi kuisikia upande wa jikoni. Mwishoni huwaambia mabinti, "Tafuteni mwanamume anayejua lugha." Kihindi cha baba kilijulikana jumuiya nzima. Zamani, tulipokwenda mjini kununua mabati, mama alimsukuma baba mbele ya mwenye duka, mzee wa Kihindi, akasema, "Haya, ongea naye kwa lugha yake atupunguzie." Baba akashika koo, akakohoa, akaashiria kwa mkono kwamba sauti imekwenda. Mama alimpikia maji ya tangawizi siku tatu. Mimi nilikuwa darasa la nne, nikamwonea huruma sana.

Asubuhi baada ya kile kipande cha filamu, baba aliniita kihambani, shamba letu la nyumbani, katikati ya migomba, mahali anaponiita tukiwa na maneno ya wanaume. Alikuwa anapogoa mti wa kahawa ambao nilimwona ameupogoa jana yake.

"Mwanangu," alisema, "lile sahani lako la juu ya bati, huwezi kuligeuza kidogo? Lielekee Kenya."

"Kwa nini baba?"

"Alhamisi tu. Ijumaa ulirudishe."

Nikamtazama. Akakata tawi ambalo halikuwa na kosa.

"Kihindi nilijua maneno mawili," alisema, "na yote ni ya chakula."

Nilicheka mpaka nikashika mgomba. Yeye hakucheka. Akasubiri nimalize, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Sasa si umwambie tu? Miaka yote hii, si atacheka?"

"Hujui alichoniambia pale Rau. Aliniambia, mwanamume anayeweza kusikia maneno kama yale na asione aibu kumwambia mwanamke, huyo nitaishi naye. Umeelewa? Hakunikubali mimi. Alikubali maneno ya yule bwana."

"Lakini maneno yalikuwa yako, baba."

"Ndiyo shida yenyewe." Akaelekeza kisu chake nyumbani. "Yakiwa ya yule bwana, hakuna wa kuniuliza. Yakiwa yangu, kuna ng'ombe zizini na kamba ya majani ukutani. Kamba kama ile amechakaza ngapi?"

Hapo nikaacha kucheka. Ilikuwa kweli. Tangu nizaliwe sijaona baba akibeba majani. Kahawa alihudumia, migomba alihudumia, na majani yalikuwa ya kina mama, kama kwa jirani na kwa jirani yake. Hakuna aliyemlaumu. Ni yeye peke yake aliyejua kwamba aliahidi.

Alhamisi asubuhi, mama akiwa bondeni, nilipanda ngazi nikalisukuma dishi kidogo kuelekea Rombo, upande wa Kenya. Sijivunii. Mama alirudi, akatua mzigo, akawasha televisheni kujaribu, akakuta kioo hakina picha. Hakuuliza mtu. Alichukua ngazi ile ile, akapanda na kitenge chake kimefungwa kiunoni, akalirudisha dishi kwa mkono mmoja mpaka picha ikakaa. Kumbe tangu siku ya kwanza alikuwa ameweka alama ya mkaa kwenye nguzo, kwa sababu upepo wa mlimani anaufahamu.

Aliposhuka alinitazama viatuni, palipokuwa na kutu ya bati.

"Upepo wa leo unavaa raba," alisema, akaenda kunawa.

Saa tisa tulikaa. Baba alikuja amevaa koti la misa, nikadhani ni kwa heshima ya filamu. Alipoketi niliona ncha ya kijani mfukoni. Alikuwa amechuma isale. Kwetu mtu akikuletea jani la isale na kukuomba msamaha, huwezi kumkataa. Watu wamekaribia kuuana kwa ajili ya mpaka wa shamba na isale ikawarudisha meza moja. Sikuwahi kuona mtu akienda nalo kutazama sinema.

Filamu ikaanza. Yule bwana mwenye mwavuli alikuwa amepewa sauti ya kijana wa Dar, anavuta maneno kana kwamba anauza simu.

"Huyu mbona anaongea hivi?" mama akauliza.

"Wamemharibu," baba alisema haraka. "Kila kitu wameharibu. Tungezima."

"Nyamaza, anakuja na mtungi."

Tukafika darajani. Mwavuli, mtungi, ukungu chini ya daraja. Baba alishika mikono ya kiti. Yule bwana akasema kwa sauti ya Dar: "Nimehamishiwa mjini. Usinisubiri. Mwalimu ni mtu mwema, olewa naye."

Msichana akalia, na sasa kila mtu angeweza kuona kwamba haikuwa furaha.

Kisu cha mama kilikuwa kimesimama katikati ya ganda la ndizi. Zizini ng'ombe mmoja akaguna, na nikaona baba anaingiza mkono mfukoni.

"Punguza sauti," mama akaniambia.

Nikapunguza.

"Zima kabisa. Hawa vijana hawajui Kihindi."

Nikazima sauti. Picha ikaendelea kimya, midomo inacheza.

"Mzee, sogea hapa karibu. Tafsiri."

Baba alisimama. Ni mtu mrefu, na dari yetu si ya juu. Akatoa isale kwa mikono miwili. Mama hakunyoosha mkono.

"Rudisha mfukoni."

"Mama, hili haliwezi kukataliwa."

"Najua. Ukinipa nitalazimika kusamehe, na mimi bado natazama filamu. Kaa."

Akakaa, kwenye kigoda cha kuchambulia mboga, magoti yamefika kidevuni. Akaangalia kioo. Yule bwana alikuwa bado anaongea.

"Anasema," baba akaanza, akakohoa. Mama akamkazia macho, kikohozi kikaisha. "Anasema, nikikuoa... huta... hutachoka..."

"Hutabeba."

"Hutabeba majani."

"Wapi?"

"Kichwani."

"Endelea. Siku ile hukuwa unakwama hivi."

"Nitayafuata mwenyewe, bondeni na mlimani, mpaka ng'ombe..." Akatazama kuelekea zizini. Nadhani hakuwa amesahau.

"Wasahau sura yako," mama akamalizia taratibu. Aliyajua maneno yote. Akarudi kumenya ndizi yake. "Na msichana, anajibu nini? Siku ile hukuniambia."

Baba alimtazama msichana wa kwenye kioo, kisha akamtazama mama.

"Sikumtafsiri," alisema. "Nilikuwa nasubiri wewe ujibu."

Mama aliinama kwenye beseni kwa muda mrefu kuliko ndizi moja inavyohitaji. Mimi nikakumbuka kwamba nina kazi nje, nikatoka, nikasimama nyuma ya mlango ambako kila kitu kinasikika. Nilisikia baba akieleza treni.

"Anakwenda kuchukua mahari."

"Amechelewa sana," mama alisema.

Baadaye nilimwuliza kama alijua siku zote. Alinijibu, "Kwani wewe unajua Kihindi?" Hilo ndilo jibu nililopata, na nimelizungusha kichwani Tanga, Babati na kwingineko bila kuliona nyuma.

Ijumaa asubuhi kamba ya majani haikuwa ukutani, wala baba hakuwa kitandani. Alitokea saa mbili akifuata mfereji, ameloa mpaka magotini, na mzigo begani ambao ungemtosha kuku mmoja kutagia. Jirani mmoja alisimama njiani na kumwamkia kwa mshangao kama amekutana na msafara wa harusi. Ng'ombe walinusa, wakala mara mbili, wakatutazama wakisubiri mzigo wenyewe uje.

Mama alikuwa mlangoni, mikono imekunjwa.

"Pole na kazi, bwana mwenye mwavuli."

Baba akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti.

"Bado," mama akasema.

Jumamosi mzigo ukawa wa kuku wawili. Jumapili hakwenda, ilikuwa misa, lakini alitembea kanisani akisikilizia mgongo ili watu waone. Jumatatu alirudi na mzigo wa kweli, umefungwa vibaya, unamwaga majani njia nzima kutoka mferejini. Mama aliyafuata yale yaliyomwagika, akayaokota moja moja mpaka alipomfikia pale zizini, akanyoosha mkono mwenyewe.

Baba akatoa isale. Lilikuwa limenyauka, limevunjika katikati. Mama akalipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Nimesamehe," alisema. Kisha akamtolea kipande cha jani kilichonasa kwenye nywele. "Kesho pita upande wa juu wa mfereji, kule yamekomaa. Nitakuonyesha namna ya kufunga."