Sehemu Zilizofunikwa

Nakumbuka Jumanne ya kwanza ya mwezi Machi, katika miaka ile ya wakimbizi, nikiwa ndani ya hema la turubai kambini, nachonga penseli nyekundu. Kila fomu ya utafiti wetu ilikuwa na michoro miwili ya mwili wa mtu, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma. Kazi yangu ilikuwa kumkagua mgonjwa, kisha kupaka wekundu kila mahali penye ugonjwa. Palipo pazima paliachwa peupe. Ni kazi rahisi kuieleza, mwanangu, na kwa kazi hiyo rahisi nilikaribia kumpoteza mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Bukiriro wilayani Ngara, nimetoka chuo cha utabibu muda si mrefu. Daktari Editha, bingwa wa magonjwa ya ngozi aliyekuwa akija Ngara kila baada ya wiki chache, alinichukua kuwa msaidizi wake kwa sababu Kihangaza changu na Kirundi cha wakimbizi ni kama watoto wa nyumba moja. Wagonjwa walinielewa, nami niliwaelewa. Nilidhani hilo linatosha.

Kambini kila muwasho uliitwa upele. Na kweli upele ulikuwa mwingi, maana watu walilala wamebanana na maji yalikuwa ya foleni. Mtu akijikuna alipewa dawa ya upele. Isipomsaidia, alipewa dawa ya fangasi. Hiyo nayo ikishindwa, majirani walianza kunong'ona neno ibibembe, yaani ukoma, na kumtengea kikombe chake. Daktari Editha alikuwa akitafuta jambo jingine kabisa. Iko saratani iitwayo limfoma ya ngozi. Huanzia katika chembe nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Chembe hizo huhamia kwenye ngozi, na kwa miaka mingi hujifanya ukurutu wa kawaida. Ili kuitambua sharti uyaone mabaka yote, uchague baka linalostahili, ukate hapo kipande kidogo cha ngozi na kukipeleka kwenye hadubini.

"Nayo inapenda kujificha," alituonya. "Nyonga, makalio, mapaja, mahali jua lisipofika. Utosini hadi unyayoni, Generosa. Usiniletee fomu ya mikono na miguu."

Nilimwitikia kwa adabu. Kuitikia ni kazi nyepesi.

Jumanne ile aliingia mama mmoja aliyeitwa Mama Bukuru, mkimbizi kutoka Burundi, mwenye umri wa mama yangu mzazi au zaidi kidogo. Alikuwa ametoka kuoga. Mikono yake iling'aa kwa samli ya ng'ombe, na kitenge chake kilikuwa bado na mistari ya mkunjo, kama nguo iliyotolewa sandukuni asubuhi hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unaumwa wapi?"

"Hapa," akanionyesha kiwiko. "Na hapa," akanionyesha muundi. "Ni mwaka wa saba najikuna." Kisha akanitazama, mkono wake umeshika fundo la kitenge kiunoni.

Mwanangu, nililelewa kwamba mtu mzima havuliwi nguo na mtoto. Kwetu ungeweza kumwona bibi yako akiteseka na bado ukageuza uso anapojifunga khanga. Nilipouona mkono ule juu ya fundo, niliusoma kama nilivyofundishwa kuusoma: mama huyu analinda stara yake. Nikaona huruma, na labda, nikisema kweli yote, nikaona pia unafuu.

"Basi, mama, inatosha," nikamwambia.

"Inatosha?"

"Inatosha kabisa."

Nikapaka wekundu kwenye kiwiko na muundi. Mgongo, nyonga na mapaja nikayaacha meupe. Kisha pembeni, mahali palipoandikwa "Sehemu zilizofunikwa", nikaandika neno moja: safi. Nikampa na tyubu ya dawa kali ya kupaka, ili asitoke mikono mitupu. Foleni ilikuwa ndefu na mvua ilikuwa inakuja. Daktari Editha akaiamini fomu yangu, akakata kipande cha ngozi pale kwenye kiwiko, akaita mwingine.

Nilipochungulia nje nilimwona Mama Bukuru hajaondoka. Alikuwa ameegemea nguzo ya hema, anaisugua nyonga yake hapo taratibu, macho ameyafumba, kama ng'ombe kwenye kigingi. Nikajiambia kwamba amechoka kusimama.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sikuwahi kusikia walichosema juu ya anayemfichia mwenziwe. Tangu siku ile sikuwa na raha. Nikifungua jalada lake ofisini kwetu mjini Ngara kwa ajili ya kazi nyingine, jicho langu lilikwenda lenyewe kwenye lile neno. Nikiisikia landrova ya Daktari ikipanda kilima cha mji, nililisukuma jalada lile chini ya mengine. Mara nilijitetea kwamba huenda kweli palikuwa safi. Mara nilijiuliza: na kama si safi, nani mwingine atakayeangalia, ilhali karatasi inasema tayari pameangaliwa? Hapo ndipo hofu yangu ilipokuwa na haki. Nafasi iliyoachwa wazi humwita mtu aijaze. Uongo huifunga.

Baada ya wiki tatu majibu yalirudi. Kipande cha kiwiko kilionyesha ukurutu wa kawaida. Chini yake Daktari alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Funga jalada." Kazi yetu ya kambini ilikuwa iishe katikati ya Aprili, na jalada likishafungwa Mama Bukuru asingetazamwa tena na bingwa yeyote. Nililishika jalada lile siku mbili. Kulifunga nilishindwa, na kusema nilishindwa, kwa kuwa niliogopa kufukuzwa. Siku ya tatu nikaomba nafasi kwenye lori lililokuwa likipeleka maharage kambini.

Nilimkuta mbele ya kibanda chake cha miti na turubai, anachambua mawe kwenye mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja kuniamkia tu, au kuna kazi?"

Nikakaa chini kabla sijakaribishwa. "Mama, siku ile sikukuangalia vizuri."

"Najua."

"Nilikuona umeshika fundo la kitenge. Nikadhani unaona haya."

Akaacha kuchambua, akanitazama, kisha akaanza kucheka polepole mpaka ungo ukatikisika magotini pake. "Mwana wanje, mwanangu wewe, pacha wangu niliwazaa kando ya barabara, tunakimbia, wakunga wanne wakiwa juu yangu na mchunga mbuzi mmoja akikodoa macho. Haya zangu aliondoka nazo yule mchunga mbuzi. Siku ile nilikuwa nalifungua fundo. Wewe ndiye uliyesema inatosha."

"Nilitaka kukuheshimu, mama."

"Ukanizidishia." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Uliniamkia vizuri, ukaninyima macho. Nilioga kwa maji ya kunywa. Samli niliazima kwa jirani. Nilijua leo kuna mtu ataniona, nikajiandaa kama naenda ugenini. Nikarudi na tyubu."

Nikaokota jiwe moja kwenye ungo wake, nikalitupa.

"Na hiyo dawa yako," akaendelea, akirudi kwenye mchele wake, "inanyamazisha, haiondoi. Ni kama kumpa titi mtoto anayetaka ugali. Ananyamaza kidogo, kisha anakuamkia na kilio kikubwa zaidi."

Tuliingia ndani. Alifungua fundo mwenyewe. Mwanangu, sitakueleza kila nilichokiona, kwa kuwa mwili ule ni wake. Nyonga zote mbili zilikuwa na mabaka mapana, mengine yamekunjamana kama karatasi ya sigara, mengine mekundu na manene. Ndani ya paja palikuwa na bonge lililoanza kuchimbika katikati. Nilitoa penseli na mchoro mpya. Nilipaka wekundu muda mrefu, na yeye alisimama akiimba kwa sauti ya chini kana kwamba anamsubiri mshonaji ampime gauni.

Kesho yake nilimwandikia Daktari Editha. Barua ile nitakuachia mwishoni, maana nakala yake ninayo. Kwanza yaliyofuata. Daktari alirudi. Alikata vipande vitatu, na vyote vilionyesha limfoma. Kibali cha kutoka kambini kilichukua siku nyingi za kubembeleza, lakini kilipatikana, na Mama Bukuru akapelekwa kwenye hospitali kubwa kwa matibabu. Hakupona kabisa, ugonjwa huu mara nyingi haupendi kuaga. Ulitulia. Bonge lilinywea, akarudi akaweza kulala ubavu wowote, na hatimaye akarudi kwao pamoja na pacha wake.

Mimi sikufukuzwa. Adhabu niliyopewa ilikuwa nzito zaidi. Daktari aliniuliza, "Ni mama huyo peke yake uliyemwandikia hivyo?" Nikainamisha kichwa. Walikuwapo wengine, watu wazima wote. Akaniamuru niwarudie mmoja mmoja. Niliwarudia, nikawaangalia, nao walikuwa salama, ila mzee mmoja ambaye alikuwa ameshaondoka kambini, na hakuna aliyejua ameelekea wapi. Nilimtafuta kijijini Keza, nikamtafuta mpaka Biharamulo. Huyo hadi leo sijui. Nimefanya kazi ya ngozi maisha yangu yote, nami kila ninapoosha mikono kabla ya kumkagua mtu mzima, humwaza.

Ndiyo maana nakuandikia, wewe unayeanza kazi hii. Mficha uchi hazai, walisema, na tuliozoea kuwaambia wagonjwa methali hii tujiambie wenyewe kwanza. Mwamkie mkubwa, piga goti kama kwenu hupigwa, funga pazia, omba ruhusa, kisha angalia. Akikataa, andika kwamba amekataa. Ukishindwa wewe, andika kwamba umeshindwa. Usiandike kamwe umeona usichokiona, hata kama neno lenyewe ni dogo na sababu yake ni upole. Na ukikosea, usingoje hofu iishe ndipo useme, kwa kuwa hofu ya namna hiyo haiishi. Inangoja tu wakati wa kusema upite.

Mungu akupe macho yasiyokwepa na mikono yenye joto. Akupe wagonjwa wenye subira ya kukukosoa, na umri wa kutosha kuyarekebisha makosa yako wakati wao wangali hai.

Barua yenyewe ndiyo hii.

"Kwa Daktari Editha. Shikamoo. Katika fomu ya Mama Bukuru niliandika kwamba sehemu zilizofunikwa ni safi. Sikuziangalia. Nimeziangalia jana, na ninaambatanisha mchoro mpya. Kiwiko ulichokata si mahali palipostahili, na kosa ni langu. Nimemwachisha ile dawa ya kupaka niliyompa, nikihofia kwamba inaficha ugonjwa, kwa hiyo nadhani vipande vipya vikatwe baada ya wiki tatu hivi. Najua wakati huo kazi ya kambini itakuwa imekwisha na wewe utakuwa umeshaondoka. Jalada sijalifunga. Ukiamua kuniachisha kazi sitakuwa na la kujitetea, lakini nakuomba uje kwanza. Wako mtiifu, Generosa."