Galoni Lililoachwa Bandani

Jina la Mzee Galoni lilitungwa na mkuu wa usafiri mwenyewe. Hilo lingefaa kukumbukwa siku ya kikao, lakini siku hiyo watu wazima wote waliokuwa chumbani walikuwa wakitazama meza.

Alikuwa dereva wa ofisi, mtu mwembamba wa kola iliyopigwa pasi, aliyepewa gari likiwa jipya akazeeka nalo. Asubuhi alifika kabla ya mfagizi. Alifungua boneti injini ikiwa bado baridi, akazungusha mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, akachungulia ndani kama anayechungulia koo la mtoto mgonjwa, kisha akamimina maji taratibu kutoka kwenye galoni la plastiki ambalo zamani lilikuwa la mafuta ya kupikia. Rejeta ilivuja juu, pale plastiki inapobanwa na bati. Haikumwaga, ilitoa jasho. Injini ikipata moto jasho lilikuwa tone, tone likawa mvuke, na chini ya gari pakabaki pakavu. Jioni aliongeza tena. Safarini galoni lilikaa sakafuni mbele ya kiti cha abiria, limefungwa kwa kamba lisiyumbe.

Mkuu wa usafiri alizoea kupita na kikombe chake cha chai na kuuliza habari za gari, "Bibi amekunywa leo?" Wenye madirisha yanayotazama banda la magari walicheka. Siku moja akamwita Mzee Galoni, jina likanata, na mwenyewe akaliitikia bila kinyongo. Alijua kuna majina mabaya zaidi ofisini.

Rejeta mpya alikwishaiomba. Kwanza aliipeleka ile ya zamani kwa fundi mwenye kibanda nyuma ya kituo cha mafuta. Fundi aliizamisha kwenye pipa la maji, akasukuma upepo ndani, wakainama wote wawili kutazama mapovu yakipanda kwa mstari kwenye maungio. Fundi alisema ingekuwa ya shaba tupu angeichomea ikatoka inacheka, ila plastiki iliyochoka haina dawa, na gundi aliyopaka ni ya kumfikisha mtu nyumbani tu. Dereva akazipeleka habari hizo kwa mkuu wa usafiri. Alisikilizwa kwa adabu zote. Aliitwa mzee wangu. Alielezwa kwamba mwaka ule ofisi ilikuwa na shughuli ya viti vya ukumbi na mazulia. Mwisho akaulizwa:

"Lakini gari si linatembea?"

"Linatembea."

"Basi, mzee wangu."

Alirudi tena baada ya miezi kadhaa, akajibiwa vilevile. Hakudanganya mara zote mbili. Gari lilitembea kweli, na lilitembea kwa sababu yeye hakulala nyumbani asubuhi hata moja.

Kisha dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akalazwa hospitali katika mji mwingine. Akaomba ruhusa ya siku chache. Gari lilibaki mikononi mwa shemeji yake, mdogo wa mwisho wa mkewe, ambaye kazi ya udereva wa akiba aliipata kwa sababu Mzee Galoni alikwenda kumwombea, akakaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya utumishi mpaka wakachoka kumwona. Kijana huyo alikuwa bado anaishi na kula nyumbani kwa Mzee Galoni. Udereva wenyewe alifundishwa na shemeji yake, kwenye uwanja mtupu, siku za Jumapili.

Jioni ya kuondoka, Mzee Galoni alimsimamisha mbele ya boneti iliyo wazi na kumwonyesha kwa kidole. Pembeni kuna chupa ndogo ya akiba, nyeupe, yenye alama. Asiiamini. Chupa inaweza kuonyesha maji yamejaa huku rejeta ina hewa. Afungue mfuniko wa rejeta yenyewe, asubuhi, injini ikiwa baridi, atie maji mpaka ayaone. Safari ndefu asimame njiani, asubiri ipoe, aongeze. Kijana aliitikia ndiyo shemeji, ndiyo shemeji, simu mkononi. Galoni likajazwa, likafungwa kamba mahali pake.

Siku iliyofuata gari lilimpeleka mkurugenzi na mkewe kwenye harusi ya jamaa zao, mwendo wa saa nyingi. Mke wa mkurugenzi alipenda kukaa mbele. Kulikuwa na masanduku, kulikuwa na zawadi, na viatu vyake havikupata pa kukaa. Shemeji alifungua kamba, akalitoa galoni, akaliweka chini bandani karibu na ukuta. Chupa ya akiba aliitazama, ikamwonyesha imejaa. Njiani geji ya joto ilipanda, kisha ikashuka yenyewe, naye akashukuru. Hakujua kwamba inashuka hivyo maji yanapokuwa yameisha kabisa, kwa kuwa hakuna tena cha kupima. Waliendelea mpaka injini ikalia kama sufuria tupu jikoni, ikazima, na haikuwaka tena. Harusi wakaifikia watu wanakunja viti.

Mzee Galoni alirudi dada yake akiwa ameanza kukaa kitandani na kuomba uji. Bandani hakulikuta gari. Alilikuta galoni, limejaa mpaka shingoni, limeshika vumbi.

Alilibeba hilohilo kwenda nalo kikaoni, alikoitwa kujieleza kuhusu injini iliyokufa. Alilala akilifikiria, akaona halihitaji maneno mengi: hili hapa, nililijaza, nililifunga, na aliyelitoa si mimi. Alipoambiwa aeleze, aliliweka mezani mbele ya mkurugenzi, juu ya kitambaa ili lisiloweshe.

Shemeji yake aliulizwa kama alionywa kuhusu kuvuja. Akasema aliambiwa kutia maji kama ilivyo kawaida, na chupa ilikuwa na maji. Alisema bila kumtazama mume wa dada yake.

"Galoni nililiacha wapi?" Mzee Galoni akamuuliza.

Aliyejibu ni mkurugenzi, na alilijibu galoni.

"Kwa hiyo ulijua gari linavuja."

"Nilijua. Mkuu wa usafiri nilimwambia."

Mkuu wa usafiri alisema, kwa sauti ya huruma, kwamba mzee alimwambia linapungua maji, na magari yote duniani hupungua maji. Mkurugenzi akauliza kwa nini, kama alijua hivyo, hakukataa kuliendesha. Aliyewahi kukataa gari bovu katika ofisi ile alinyang'anywa gari, na dereva asiye na gari hana kazi. Mzee Galoni alitazama huku na huku akitafuta mtu mmoja wa kusema jina lake lilitoka wapi. Mhasibu alikuwepo, karani alikuwepo, wote waliokuwa wakicheka madirishani. Akalichukua galoni lake na kitambaa chake, akatoka.

Barua ya kuachishwa kazi ilisema uzembe. Alikuwa amebakiza kidogo tu astaafu kwa heshima, na neno lile lilikula kiinua mgongo chote. Dada yake hakuambiwa. Kila akipiga simu aliuliza gari halijambo, naye akamjibu halijambo.

Gari lilipewa injini nyingine. Safari hii walifunga na rejeta mpya, kwa sababu fundi alikataa katakata kuiwasha injini ile juu ya rejeta ya zamani, na fundi hakuwa na kazi ya kunyang'anywa.

Jumapili moja honi ikalia nje ya nyumba. Shemeji alikuwa ameshika usukani. Alikuwa amehamia chumba chake mwenyewe tangu kikao, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuja. Dada yake, mke wa Mzee Galoni, alisimama mlangoni, mikono ina sabuni, hakusema karibu. Kijana akafungua boneti mwenyewe, akiwa na furaha ya mtu anayedhani ameleta suluhu.

"Shemeji, njoo uione. Hata tone."

Mzee Galoni alitoka polepole. Mkono ulikwenda wenyewe mahali ulipozoea, chini ya maungio ya juu. Alipitisha vidole mwisho hadi mwisho, akavitazama, akavisugua.

"Kavu kabisa," akasema. "Sasa hata wewe utaweza kuliendesha."

Kijana alicheka, akamgeukia dada yake ili wacheke pamoja. Dada yake alikuwa anafunga mlango.