Jembe la Bibi na Ndege wa Mvua

Nilipokuwa mtoto kule Usoke, enzi za Mwingereza, msimu wa kulima haukufunguliwa na mawingu. Ulifunguliwa na bibi yangu, mama yake Baba. Kila mwaka, joto likishapamba moto, alirudi ndege mmoja wa kijivu ambaye kiangazi chote hakusikika. Wazee walisema alikuwa safarini. Alijificha mitini akaimba noti tatu za kushuka, zile zile kutwa nzima. Bibi akimsikia, alitoa jembe lake lililolika, lisilo na mpini, ambalo baba yake alilipata alipokuwa mpagazi wa misafara, akaligonga mara tatu kwa jiwe akimfuatisha ndege. Hapo ndipo nyimbo za kulima zilipoanza. Na ole wake ambaye angegonga bila kumsikia ndege: mvua ingegeuza njia.

Mwaka ninaoukumbuka, masikio ya Bibi yalikuwa yameziba kabisa. Ndege alikuja, akaimba mpaka akatuchosha, na Bibi yupo uani anapepeta mtama, hana habari. Tulipomweleza kwa ishara, alikataa katakata. Alisema yeye hajasikia kitu, na jembe haligongwi kwa kuambiwa. Wanawake wa kundi la kulima wakaanza kunong'ona kwamba jembe lihamie kwa mwingine. Bibi hakuwasikia, lakini aliziona nyuso zao. Siku hiyo hakula. Niliumia sana, maana nilijua kwamba bila lile jembe angejiona mgeni nyumbani kwake mwenyewe.

Baba alikuwa mpiga tarumbeta kanisani. Asubuhi moja alikwenda akasimama chini ya mti alimokuwa yule ndege, akazitafuta zile noti tatu mpaka akazipata. Kisha akarudi uani, akaisogeza tarumbeta karibu na sikio la mama yake, akapuliza. Kuku walitawanyika. Ungo ulimtoka Bibi mikononi, mtama ukamwagika.

Tulisubiri. Bibi alimtazama mwanawe kutoka juu mpaka chini.

"Huyu ndege," akasema, "mwaka huu kashiba ugali."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaomba aletewe jembe. Aligonga mara tatu, sawasawa kabisa. Wanawake wakapokea kwa wimbo, nami nikarukaruka mpaka nikakaripiwa.

Mvua ilichelewa kidogo mwaka ule, na wapo walioilaumu tarumbeta. Lakini ilikuja. Kwa miaka mingi niliamini kwamba Baba alimdanganya mama yake. Sasa nimezeeka, naona hakudanganywa mtu. Bibi alijua vizuri nani alikuwa akipuliza, na nadhani ndiyo sababu alicheka vile.

Jembe ninalo mimi. Mwaka huu joto limeshazidi, majirani wananiangalia, na bado sijamsikia ndege wangu. Jana jioni mjukuu wangu alimuuliza mama yake, kwa sauti kubwa tu, tarumbeta ya kanisani anaitunza nani. Nilijifanya sijasikia. Leo tangu asubuhi nimekaa uani, jiwe mkononi, namsubiri.